Mama wa Igalula Hayuko Nje ya Mada

Picha yenyewe naweza kuieleza bila kuitazama. Mama mmoja ameketi kwenye kigoda kando ya reli, stesheni ya Igalula. Mbele yake kuna chupa za asali na sinia la michembe. Ni saa kumi na moja jioni, jua limeshuka, mwanga unamjia kutoka ubavuni. Mkono wake wa kulia umeinua upindo wa kanga hadi chini ya macho. Nyuma yake reli, miti na watu vimeyeyuka kuwa ukungu. Macho yake tu ndiyo makali. Nilitumia lenzi ya milimita 50, uwazi wa 1.8, na nilipoitazama kwenye kioo cha kamera nilijua nimepata.

Wiki iliyofuata niliipeleka kwenye kikao. Sisi ni kikundi cha wapenda kamera mjini Tabora, kati ya watu kumi na kumi na watano, kutegemea ni tarehe ngapi ya mwezi. Tunakutana Jumapili mchana, kila mtu na picha moja, tunazirusha ukutani kwa projekta ya kuazima. Yangu ilipotokea watu walipiga makofi. Wakauliza lenzi, wakauliza uwazi. Mmoja akasema ile kanga "imeleta fumbo". Mwingine akataka kujua kama rangi nimeziongeza kwenye kompyuta. Ndipo dada mmoja, aliyekuja kwa mara ya kwanza akiwa na simu tu, akanyoosha mkono.

"Samahani. Huyu mama alikuwa anakataa?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Dada, karibu sana, ila tusitoke nje ya mada. Hapa tunaongea kamera."

Na mimi, mwenye picha, nilishusha pumzi.

Ninaandika kwa sababu ya pumzi ile. Mtu hashushi pumzi anapoulizwa swali lisilomhusu. Nilifurahi kwa sababu swali lilikuwa limefika pale penyewe, na kanuni ya kikao ikanikinga. Hoja yangu ni hii: kubaki kwenye mada ni jambo jema, lakini sisi wapenda kamera tumeikosea mada yetu wenyewe. Tumekichukua chombo tukakiweka mahali pa kazi, halafu kila anayeuliza habari za kazi tunamwambia ametoka nje.

Kwanza nimtendee haki mwenyekiti. Kanuni ile haikuletwa kwa ubaya. Mwaka wa kwanza vikao vyetu vilikuwa vinakufa kabla ya saa moja kuisha. Mtu anaonesha picha ya mawio, mwenzake anakumbuka kwamba Simba na Yanga wanacheza saa kumi na moja, na mawio yanaishia hapo. Kaka mmoja alikuwa hachoki kutuuzia mafuta ya mgando yanayotibu miguu, mgongo na mikosi. Wengine walileta siasa, wengine michango ya harusi za watu tusiowajua. Basi tukaandika kanuni: hapa ni kamera na picha tu. Niliipigia kura kwa mikono miwili, na leo ningeipigia tena.

Lakini isome tena. Kamera *na picha*. Siku ile mwenyekiti alisema, "Hapa tunaongea kamera." Neno la pili lilikuwa limeanguka njiani na hakuna aliyeinama kuliokota.

Ushahidi kwamba limeanguka ni kikao chenyewe. Alasiri ileile, kabla ya picha yangu, tulitumia karibu dakika 40 kubishana kama aliyeanza na Canon ana sababu ya kuhamia Sony. Tukahama hapo tukaenda kwenye bei za kamera za mitumba Kariakoo, tukatoka huko tukaingia kwenye chaja bandia, na mmoja wetu akasimulia kwa urefu jinsi alivyouziwa betri iliyovimba. Hakuna aliyeambiwa ametoka nje ya mada. Dakika zote hizo hatukuwa na picha hata moja ukutani. Kisha likaja swali la maneno manne kuhusu mtu aliyekuwa ukutani, amejaza fremu nzima, na hilo ndilo likawa nje.

Fikiria kikao cha mafundi cherehani. Wanazungumza Singer, wanazungumza sindano na uzi, wanasifiana mishono. Anaingia mteja, anasema gauni linambana kwapani. Fundi mkuu anamjibu kwa upole, "Mama, hapa tunaongea vyerehani." Tungecheka. Tungesema hawa si mafundi, hawa ni watunza mashine. Kwetu hatucheki, kwa sababu mteja wetu hayupo kikaoni. Yuko Igalula, kando ya reli, na hajui kwamba anapigiwa makofi.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Sikuwa mgeni Igalula. Ninasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu biashara ya asali katika vijiji vya Uyui. Ili nimuulize mama yule maswali kumi kuhusu bei ya asali, nilihitaji barua ya chuo, kibali cha mkoa, kibali cha wilaya na mhuri wa mtendaji wa kata. Baada ya hapo nilitakiwa kumsomea fomu ya ridhaa kwa sauti, nimweleze kwamba anaweza kukataa, kwamba anaweza kuacha katikati, na kwamba jina lake halitaonekana popote. Ndipo aweke sahihi au dole gumba. Fomu hizo zilikuwa kwenye mkoba wangu siku ile. Mkoba huohuo ulibeba kamera. Kumuuliza bei ya chupa moja nilihitaji mihuri mitatu. Kuuchukua uso wake nilihitaji betri yenye chaji.

Wala sisemi kila mpiga picha atembee na fomu. Ninasema kwamba chuo kimenifundisha kuliona swali la ridhaa kuwa sehemu ya utafiti wenyewe, si adabu ya pembeni. Data iliyopatikana kwa mtu aliyekataa hairuhusiwi kuingia kwenye tasnifu, hata iwe nzuri vipi. Kwa nini picha iliyopatikana kwa mtu aliyekataa ishinde makofi?

Na sehemu hii ya nchi ina sababu zake za kuuliza. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, watu walitembea. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita kwenye miyombo hii, ikibeba shanga, vitambaa na bunduki kuja bara, pembe za ndovu na watu kwenda pwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Katika mizigo yao iliwahi kuwamo kamera. Mwaka 1860 James Grant, mwenzake John Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja, likiwamo soko la watumwa. Walipoanza kuelekea bara, kazi ikawa ngumu. Enzi zile vioo vya picha vilitayarishwa na kusafishwa papo hapo, ndani ya hema dogo lenye giza, na joto la humo lilimwelemea Grant. Speke aliona kwamba likiendelea litamuua, akairudisha kamera pwani. Walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, bila kamera, na Grant akaendelea kwa kuchora.

Ninakipenda kisa hicho kwa sababu kinaonesha kwamba kamera inaweza kurudishwa. Inawezekana kabisa mtu kusema: hapa haifai, ifungeni. Ila angalia ilirudishwa kwa ajili ya nani. Jasho la aliyekuwa nyuma ya kamera lilikuwa mada. Aliyekuwa mbele yake, pale sokoni Unguja, akiuzwa huku akipigwa picha, hakuwa mada.

Au chukua picha nyingine, inayoihusu Tabora moja kwa moja. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikaa hapa Unyanyembe akielekea kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi, mtoto wa kiume. Stanley mwenyewe anasimulia katika kitabu chake kwamba jina la mtoto halikumpendeza, kwa hiyo akapewa jingine: Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto yule alikuwa London, ndani ya studio, amesimamishwa pamoja na Stanley, wamevalishwa kana kwamba wako safarini Afrika. Picha zile ziliuzwa. Mwaka 1877, katika safari nyingine ya Stanley, Kalulu alikufa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo. Alikuwa bado kijana mdogo.

Iweke picha hiyo ukutani Jumapili mchana. Tunaweza kuizungumza saa nzima bila kutoka nje ya kanuni yetu: mwanga umetoka upande gani, kioo kilihitaji sekunde ngapi, pazia la nyuma limechorwaje, kwa nini wamesimama wima namna ile. Yote hayo ni ya kweli na yanavutia. Kisha mtu anauliza, "Huyu mtoto alifikaje hapo?" Kwa kanuni yetu, aambiwe akae chini. Swali pekee linaloifanya picha ile iwe na maana kwa mtu wa Tabora ndilo tungelifukuza.

Kamera haikulazimika kuwa hivyo. Pwani na bara, watu wetu waliizoea kwa njia nyingine kabisa: studio. Kule Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Studio za namna hiyo, kubwa na ndogo, zilienea hadi miji ya reli kama Tabora. Mtu alikwenda mwenyewe. Alichagua siku, alioga, alivaa, alilipa, aliambiwa kaa hivi, akasema hapana, nitasimama. Nyumbani kwetu kuna picha moja tu ya ujana wa bibi yangu. Amevaa saa ya mkononi ambayo haikuwa yake. Aliazimwa na mpiga picha, na alitaka ionekane, ndiyo maana mkono wa kushoto ameuweka mbele. Katika picha ile ni bibi aliyeamua mada ni nini.

Linganisha mikono miwili hiyo. Mkono wa bibi umewekwa mbele ili uonekane. Mkono wa mama wa Igalula umeinuliwa ili usionekane uso. Mpiga picha wa bibi aliuelewa mkono aliouona. Mimi niliuona mkono nikauita fumbo.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu majibu hayo nimewahi kuyatoa mimi mwenyewe.

La kwanza: stesheni ni mahali pa umma, na asiyetaka kuonekana akae nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu bila kumwambia akae nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na sidhani kuna kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Lakini tuiweke sheria kando, kwa maana sheria ni sakafu tu. Mama yule alikuwa hadharani kwa sababu asali haiuziki chumbani. Kusema kwamba amekubali kupigwa picha kwa kuwa amekuja kutafuta riziki ni kumtoza kodi ambayo hata halmashauri haijaifikiria.

La pili: ukiomba ruhusa, picha inakufa. Mtu anakakamaa, anapozi, anatabasamu kama wa picha ya paspoti. Ni kweli, kwa dakika tano za kwanza. Kaa naye nusu saa. Nunua michembe, uile. Wateja watakuja, ataanza kuhesabu chenji, atamgombeza mtoto, atakusahau. Kinachoua picha ni haraka ya mpiga picha, tunayemwona ameshuka kwenye Noah ya kukodi na anataka kurudi mjini kabla ya giza. Wala hili si somo la maadili tu. Ni ufundi, tena ni ule ambao lenzi ya bei mbaya haiwezi kukununulia. Ajabu ni kwamba katika vikao vyote nilivyohudhuria hatujawahi kuuzungumza.

La tatu ndilo zito. Je, vita? Njaa? Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, aliingia Korem, Ethiopia, mwezi Oktoba 1984 na kuirekodi njaa ambayo dunia ilikuwa haitaki kuiona. Wale waliokuwa wanakufa pale hawakusomewa fomu. Angesubiri ridhaa ya kila mmoja, misaada ingechelewa zaidi. Nakubali, bila kigugumizi. Ila tazama kilichotokea picha zile ziliporushwa. Watu waliziangalia wakasema, kuna njaa. Mada ilikuwa njaa, na kamera ilijua nafasi yake. Anayetaka kujifunika kwa jina la Amin aoneshe kwanza njaa yake iko wapi. Stesheni ya Igalula siku ile haikuwa na dharura yoyote, isipokuwa hamu yangu ya kupigiwa makofi Jumapili.

La nne husemwa kwa kunong'ona: hayo ni mambo ya wasomi, ya vitabuni, mama wa kijijini hana habari nayo. Jibu la hili sikulipata kitabuni.

Nilikwenda kuisafisha ile picha, saizi kubwa, nikarudi Igalula peke yangu. Nilijipa moyo kwamba nampelekea zawadi. Nilimkuta palepale, na sinia lilelile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na maswali yako ya asali?"

Nikampa picha. Aliifuta mikono kwanza kwenye kanga ndipo akaipokea. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote kikaoni, na hakuuliza lenzi.

"Hapa nilikuwa nakukataza," alisema.

Alisema kama mtu anayesoma maandishi makubwa. Hakukuwa na fumbo lolote. Nikaomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Sasa wangapi wameshaiona?"

Nilianza kuhesabu: kikao, wenzangu wa chuo, wale niliowatumia kwenye simu, waliotumiwa na hao. Nikanyamaza. Nilikuwa nakumbuka uwazi wa lenzi hadi nukta, na idadi ya watu walioutazama uso alioufunika sikuijua. Aliipindua picha uso chini, akaisukuma chini ya sinia. "Hii nabaki nayo." Kisha, kwa sauti ileile ya biashara, "Asali unanunua au hununui?" Nilinunua chupa mbili. Sikumuuliza kwa nini hakutaka kupigwa picha. Aliyekataa hadaiwi sababu.

Kwa hiyo sipendekezi tuvunje kanuni yetu. Napendekeza tuifuate kwa mara ya kwanza. Picha yoyote yenye mtu inapopanda ukutani, mwenye picha aanze na mambo matatu kabla ya kutaja kifaa chochote. Huyu ni nani kwako, na mlikutanaje? Ulijuaje kwamba amekubali? Amebaki na nini baada ya wewe kuondoka? Asiye na majibu aishushe picha, tuendelee na nyingine. Yakishajibiwa, tuongee lenzi hadi usiku. Nitakuwa wa mwisho kuondoka. Wenye picha za ndege, magari moshi na mawio hawatasumbuliwa na maswali haya, na labda wataongezeka. Sina tatizo na hilo. Afadhali mawio hamsini kuliko kanga moja iliyoinuliwa kwa kujihami.

Niliisoma rasimu ya pendekezo hili kwenye kikao kilichopita. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tutalijadili siku tukipata nafasi, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa na mgeni wa kutuonesha flashi mpya. Watu wakageukia flashi. Nami nikaigeukia, nikauliza bei yake, kwa sababu kamera bado naipenda na sijui kukaa kimya mbele ya kifaa kipya. Pendekezo limo kwenye kabrasha la katibu. Nitalileta tena Jumapili ijayo, na inayofuata.

Picha yangu nimeifuta, pamoja na nakala zote nilizoweza kuzifikia. Zile nisizoweza kuzifikia ziko huko ziliko, na huenda ziko chini ya maneno ambayo si mimi wala yule mama tuliyeyaandika.

Dada aliyeuliza hajarudi kikaoni tangu siku ile. Alikuja na simu tu, akauliza swali bora kuliko yote tuliyowahi kuulizana, tukamkaribisha kwa kumnyamazisha. Dada, kama unasoma hapa, nakudai jibu. Ndiyo. Alikuwa anakataa.